Inaanza na fremu 55, baada ya robo saa imebaki 22

Shikamoo dada,

Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Mbagala na mama yangu na mdogo wangu aliye kidato cha tatu. Nina kibanda cha steshenari mlangoni kwetu: nachapa barua, natoa kopi, nawajazia watu fomu za mikopo ya chuo. Kompyuta ya kazi ndiyo hiyohiyo ninayochezea usiku nikishafunga.

Ni kompyuta ya ofisi, mtumba wa Uingereza, niliinunua Kariakoo mwaka juzi. Prosesa yake ni Core i5-8500, RAM, kumbukumbu ya muda, ni 8GB kijiti kimoja, na diski ni ile ya zamani ya kuzunguka, ya 1TB. Mwezi wa tisa nikanunua kwa mtu kadi ya michoro iliyotumika, GTX 1660 Super ya 6GB. Fundi aliyenifungia alikuta pawasaplai, boksi la ndani linalogawa umeme, haina waya wa kadi, akatumia kiunganishi: upande mmoja kinachomekwa kwenye plagi ya diski, upande wa pili kina matundu manane kinaingia kwenye kadi. Ikawaka, nikafurahi, nikamlipa.

Gemu ninayocheza ni Cyberpunk 2077. Niliisubiri tangu ilipotoka Desemba 2020, wakati huo sina hata kompyuta, nilikuwa naangalia wenzangu wakicheza kupitia simu. Kwa hiyo utaelewa ninavyoumia. Nikiiwasha, dakika za mwanzo inanipa fremu 55, yaani picha 55 kwa sekunde, mara nyingine 60. Ikifika robo saa hivi inaanza kushuka: 45, 38, halafu inatulia kwenye 22. Nikiendesha gari kwa kasi kuingia mitaa yenye watu ndiyo balaa, picha inaganda sekunde nzima, ikirudi nimeshagonga ukuta. Nikizima nikaenda kula, nikirudi inaanza tena na 55.

Nimeshusha setingi zote chini kabisa, mwanzo ni mzuri zaidi lakini mwisho ni uleule. Nimefuta gemu nikaipakua upya, GB 70 na ushee, bando lote likaisha. Nimebadilisha draiva, ile programu inayoendesha kadi. Wapi!

Binamu yangu yuko Muscat, ana kadi ileile na prosesa inayokaribiana na yangu, anapata 60 mpaka achoke mwenyewe. Anasema kadi yangu imechoka, lazima ilitumika kuchimba sarafu za mtandaoni, yaani kupiga hesabu mchana na usiku kuzalisha sarafu hizo, niiuze ninunue RTX, kadi ya daraja la juu zaidi.

Sasa dada, laki saba ninayo. Ila ukweli ni kwamba hela hiyo tumeiweka mimi na mama kwa ajili ya ovaloki yake. Yeye ni fundi cherehani, na kila siku anapeleka nguo kwa jirani kupigwa ovaloki kwa kulipia. Nimemwambia kompyuta ikiwa nzuri nitahariri na video za harusi, hela itarudi haraka. Amekubali, lakini uso wake niliuona.

Nisisahau: kompyuta iko ndani ya kabati la TV sebuleni kwa sababu ya vumbi la barabarani, na mama ameifunika kitambaa chake cha kufuma. Na wiki hii nilisikia harufu kama ya plastiki iliyopata moto, ikapotea. Nadhani ni jirani alikuwa anachoma taka.

Ninunue kadi gani?

Kijana wa Mbagala

*

Marahaba mdogo wangu.

Kabla hujasoma mstari mwingine, nenda ukazime hiyo kompyuta, chomoa waya ukutani, fungua ubavu wa boksi utazame kile kiunganishi. Usiishie kukitazama, kichomoe pande zote mbili. Angalia kama plastiki imegeuka rangi kuwa njano au kahawia, kama imelainika, kama vyuma vya ndani vimeweka weusi. Hata ukikikuta kizima, usikirudishe. Harufu uliyoisikia siamini kwamba ilikuwa taka za jirani.

Sababu ni hii. Kadi yako ikishika kazi nzito inakula takriban wati 125. Sehemu ya umeme huo inaupata kupitia ubao mkuu wa kompyuta ilipochomekwa, ambao kwa kanuni hautoi zaidi ya wati 75. Unaobaki inauvuta kwa ule waya wa matundu manane, na kadi nyingi huvuta fungu kubwa huko. Waya halisi wa matundu manane, unaotoka moja kwa moja kwenye pawasaplai, umeundwa kubeba wati 150. Plagi ya diski imeundwa kubeba wati 54 hivi, kwa sababu diski yenyewe inakula chache mno. Kwa hiyo kiunganishi chako kinaiambia kadi "vuta hadi 150", huku nyuma yake kimechomekwa mahali pa 54. Vyuma vyembamba vya plagi vinapata moto, vikipata moto vinalegea, vikilegea vinapitisha umeme kwa shida na kupata moto zaidi.

Nimewahi kushika mkononi plagi ya namna hiyo. Mteja aliiacha gemu imewashwa akaenda kuoga, akarudi akakuta moshi mwembamba unatoka juu ya boksi. Plagi ilikuwa imeyeyuka upande mmoja ikashikana na ya chini yake, rangi ya sukari guru, na ilibidi niikate kwa kisu kuitoa kwenye diski. Bahati yake boksi lilikuwa juu ya meza ya chuma. Lako liko ndani ya kabati la mbao, limefunikwa kitambaa, sebuleni, na usiku watu watatu wamelala nyumba hiyohiyo. Ndiyo maana nimeanza na hili kabla ya fremu.

Kazi yako ya steshenari haitasimama. Core i5-8500 ina uwezo wake mdogo wa michoro ndani ya prosesa. Itoe kadi, ifunge kwenye karatasi uiweke mahali pakavu, waya wa skrini uuchomeke kwenye tundu la nyuma lililo kwenye ubao wenyewe. Barua, kopi na fomu za mikopo zitaenda kama kawaida. Gemu ndiyo itasubiri.

Itasubiri pawasaplai yenye waya halisi wa kadi. NVIDIA wenyewe kwa kadi hiyo wanapendekeza ya wati 450. Lakini usikimbilie dukani, maana hapa ndipo wengi wanapoliwa hela. Kompyuta nyingi za ofisi hazitumii plagi za kawaida. Tazama plagi kubwa inayotoka kwenye pawasaplai kuingia ubaoni, hesabu matundu. Yakiwa 24, uko salama, pawasaplai ya kawaida itaingia alimradi umbo lake litoshe. Yakiwa pungufu ya hapo, utahitaji ama pawasaplai kubwa zaidi iliyotengenezwa kwa ajili ya familia hiyohiyo ya kompyuta, ama waya maalumu wa kubadilisha plagi ya 24 kwenda ya ubao wako. Pima pia urefu, upana na kimo cha ile ya zamani kwa rula, piga picha lebo yake, nenda na vipimo hivyo mkononi. Muuzaji akikwambia "hii inaingia kote", mwonyeshe picha.

Sasa fremu zako.

Jibu umeliandika mwenyewe bila kujua. Kadi iliyochoka haianzi na 55 kila siku. Ingekuwa chipu imeharibika, ungeona madoa ya rangi, mistari, gemu kujifunga, au skrini kuwa nyeusi. Yako inaanza vizuri, inashuka taratibu ndani ya robo saa, inatulia chini, ikipumzishwa wakati unakula inarudi palepale. Mwenendo huo ni wa joto. Chipu ikizidi kupata moto inajilinda kwa kupunguza mwendo wake. Kadi za kizazi chako kwa kawaida huanza kujipunguza zikikaribia nyuzi 83, na kadiri joto linavyokataa kushuka ndivyo zinavyozidi kukaza breki. Prosesa nayo ina kinga yake ya namna hiyo. Ukiwa na fremu 60, kila picha inatengenezwa ndani ya milisekunde 16.7. Ukiwa na 22, kila picha inachukua 45, karibu mara tatu. Mikono yako inaligundua hilo hata kabla ya macho, usukani unakuwa mzito.

Na ndiyo maana kushusha setingi hakukufua dafu. Ulipozishusha, kadi haikupumzika, ilitumia nafasi hiyo kutengeneza picha nyingi zaidi kwa sekunde, ikafanya kazi kwa asilimia 99 kama mwanzo, ikapata moto uleule. Nitakuonyesha baadaye jinsi ya kuipumzisha kweli.

Binamu yako wa Muscat hajakudanganya kuhusu 60, lakini nina hakika anachezea chini ya kiyoyozi. Kipindi cha joto huko ni kikali kuliko Dar, watu wanaishi ndani ya baridi ya mashine. Kadi inayovuta hewa ya nyuzi 23 na kadi inayovuta hewa iliyokwishapikwa ndani ya kabati haziwezi kulinganishwa. Wewe ukicheza, boksi linatoa hewa ya moto, kabati linaizuia, boksi linaivuta tena. Robo saa inatosha kabisa.

Mama hajakosea. Ameitunza mashine kama kitu cha thamani ndani ya nyumba, na vumbi la barabara yenu ni adui wa kweli. Mweleze tu kwamba kompyuta, tofauti na redio, inahema. Itoe kwenye kabati, iweke juu ya meza au stuli imara, si sakafuni ambako vumbi linatambaa, na iache nafasi ya shubiri moja kila upande, hasa nyuma. Usiku ukiwa umeizima kabisa na imepoa, kitambaa kirudi. Asubuhi kitoke.

Kisha usafi. Kompyuta ya mtumba iliyofanya kazi ofisini miaka kadhaa, ikaja ikakaa Mbagala mwaka na zaidi, najua ninachokikuta nikiifungua. Juu ya chuma cha kupoozea prosesa, chini kabisa ya feni, vumbi limejisokota kama sufi ya mto, limeziba mianya yote, na ukiangalia kwa juu unaona feni inazunguka vizuri ukadhani mambo ni shwari. Kumbe inapuliza blanketi. Toa boksi nje, tumia blowa ya umeme kwa mbali kidogo au brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kutumika. Ukipuliza, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, kwa sababu blowa huyakimbiza kasi kuliko yalivyoundwa na yanaua mhimili. Usitumie kitambaa chenye maji wala pumzi ya mdomo, pumzi ina unyevu.

Kadi nayo ina feni zake. Zizungushe kwa kidole moja moja. Inayozunguka kwa ulaini ni nzima, inayokwaruza au kusimama ghafla imekufa au iko njiani, na feni pekee huuzwa bila kununua kadi nzima.

Kuhusu kuchimba sarafu, inawezekana kabisa. 1660 Super zilipendwa sana na wachimbaji mpaka sarafu ya Ethereum ilipoacha uchimbaji wa aina hiyo Septemba 2022, na nyingi ziliingia sokoni baada ya hapo. Lakini kilichochoka kwenye kadi hizo mara nyingi ni feni, pamoja na ile dawa ya kijivu inayopakwa kati ya chipu na chuma cha kupoozea. Inakauka, inakuwa kama chokaa, joto halivuki. Kuipaka upya ni kazi ya skrubu chache na subira: unafuta ya zamani kwa spiriti safi, unaweka tone mpya la ukubwa wa punje ya choroko, unarudisha chuma ukikaza skrubu kwa kupishanisha kona. Kama hujawahi, mpe fundi unayemwamini na kaa pale unatazama. Angalia pia vile vipande laini kama mpira vinavyokaa juu ya chipu za kumbukumbu pembeni, visichanike wala visipotee, kwa sababu bila hivyo utakuwa umepoza katikati na kuunguza pembeni.

Ukishapata pawasaplai na kusafisha, usiamini hisia, pima. Programu ya MSI Afterburner ni ya bure na inaonyesha namba juu ya gemu ukiwa unacheza. Ipakue kwenye tovuti ya MSI yenyewe tu, zipo bandia zenye virusi. Chukua daftari lako la steshenari, chora safu nne: joto la kadi, mwendo wake kwa MHz, asilimia ya kazi inayofanya, na RAM iliyotumika. Andika dakika ya 2, andika tena dakika ya 20. Mwendo wa kadi hiyo kiwandani ni 1530 MHz, na ikiwa na afya hupanda hadi 1785 na zaidi. Ukikuta dakika ya 20 bado iko juu huko na joto liko sabini na kitu, tumemaliza ugonjwa wa kwanza. Ukikuta joto 84 na mwendo umeanguka chini ya 1530, bado hewa haitoshi: fungua ubavu wa boksi, elekeza feni ya kusimama, pima tena. Tofauti ikiwa kubwa, kinachokosekana ni feni ya boksi. Maboksi ya ofisi mara nyingi huwa na feni moja au mbili tu, hayakuundwa kwa kadi ya gemu.

Nimesema ugonjwa wa kwanza kwa sababu una magonjwa mawili, na wengi wanahangaika kwa kuyatibu kama moja. Kule kuganda sekunde nzima ukiendesha gari hakutokani na joto. Fremu zinazoshuka taratibu na picha inayoganda ghafla ni vitu viwili.

Jiji lile haliwezi kukaa lote ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Ukitembea kwa miguu, gemu ina muda wa kusoma mtaa unaofuata kutoka kwenye diski. Ukipita kwa gari kasi, inataka majengo, magari, watu na sauti zao kwa wakati mmoja, na diski ya kuzunguka ina sindano moja inayoruka huku na huko kuvitafuta. Inashindwa kuleta kwa wakati, picha inasubiri. Zaidi ya hapo, RAM yako ya 8GB inajaa, Windows inaanza kuhamishia vilivyozidi kwenye diski hiyohiyo ambayo tayari imeelemewa. Sindano ileile inasoma jiji huku inaandika mabaki ya RAM. Ukiwa umeacha na kivinjari wazi chenye fomu za mikopo za mchana, ndiyo kabisa.

Na hili nalo lisikupite. Septemba 2023 gemu hiyo ilipata toleo la 2.0, na watengenezaji wake, CD Projekt Red wa Poland, wakapandisha mahitaji ya chini. Tangu hapo wanataka angalau prosesa Core i7-6700, kadi GTX 1060 ya 6GB, RAM 12GB, na SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, yenye nafasi ya GB 70. Diski ya kuzunguka waliacha kuihudumia. Weka mashine yako kando ya orodha hiyo. Prosesa yako yenye viini sita inafika. Kadi yako inaizidi 1060. RAM haifiki. Diski haifiki. Binamu anakutuma ubadilishe moja kati ya vitu viwili vilivyofaulu.

Tena hiyo RTX ingekuja kuongeza tatizo. RTX 3060 kwa mfano inakula wati 170. Ungeichomeka kwenye kiunganishi kilekile, ndani ya kabati lilelile, ikapata moto zaidi, ikapunguza mwendo, na ungekuwa umebaki na diski ileile inayogandisha picha. Nimewaona watu waliofika hapo. Inauma, kwa sababu hela imekwenda na hakuna kilichobadilika.

Kwa hiyo baada ya pawasaplai, cha pili ni kijiti kingine cha RAM cha 8GB, cha aina ya DDR4, chenye kasi sawa na kilichopo. Chomoa kilichopo usome lebo, andika namba zote, hakikisha kipya kinafanana. Hapa utapata faida mbili. Utafika 16GB, na vijiti viwili vitafanya kazi kwa pamoja: kimoja cha DDR4-2666 kinapitisha takriban GB 21 kwa sekunde, viwili vikikaa kwenye matundu yanayoendana vinapitisha mara mbili yake. Prosesa yako itaihisi hiyo, hasa kwenye mitaa yenye watu wengi. Matundu yanayoendana kwa kawaida yana rangi moja, na mchoro wake huwa ndani ya mfuniko wa boksi.

Cha tatu ni SSD. Ile ya kawaida ya waya wa SATA, waya uleule wa diski za kawaida, inatosha, huhitaji ya bei ya juu. Ikiwezekana Windows nayo ihamie humo, utaona hata kufungua faili la mteja kumekuwa kwepesi. Na tafadhali usipakue tena gemu nzima. Kama uliipata kupitia Steam, lile duka la gemu mtandaoni, ndani ya setingi za hifadhi kuna sehemu ya kuhamisha gemu kutoka diski moja kwenda nyingine, na kuna sehemu ya kukagua mafaili, ambayo hupakua yaliyoharibika tu. Mpaka SSD ipatikane, gemu yenyewe ina setingi ya wenye diski ya kuzunguka inayoitwa HDD Mode, iwashe, na funga kila kitu kingine kabla ya kucheza.

Setingi za picha sitazieleza kwa urefu, kwa sababu mashine ikipona hazitakuhangaisha. Weka za kati. Mwakisi wa vioo na madimbwi, ukungu na vivuli vya mbali vipunguze zaidi, hivyo ndivyo vinavyokula kadi. Wingi wa watu barabarani, palipoandikwa Crowd Density, uushushe, huo ni mzigo wa prosesa. Miale ya mwanga (Ray Tracing) isahau. DLSS na FSR ni mbinu za kuchora picha ndogo kisha kuikuza ili kadi ipate nafuu: DLSS si ya kadi za GTX, lakini FSR inafanya kazi kwako, iweke kwenye Quality. Na ile niliyokuahidi ya kuipumzisha kadi: ndani ya gemu kuna mahali pa kuweka kikomo cha fremu. Weka 45. Kadi ikishafika 45 inapumzika sehemu iliyobaki ya kila sekunde, joto linashuka, na 45 isiyotikisika inachezeka vizuri kuliko 60 inayoporomoka. Kama joto litabaki chini, pandisha kidogo kidogo. Kwa mashine yako ikiwa na afya, kati ya 50 na 60 ni matarajio ya haki, ikishuka kwenye arobaini na kitu ukiwa katikati ya umati. Usiidai zaidi.

Imebaki laki saba. Vitu vitatu nilivyotaja vinaweza kununuliwa kimoja kimoja kwa hela ya kopi na fomu, mwezi huu hiki, mwezi ujao kile. Kusafisha na kuhamisha boksi hakugharimu kitu, na kazi hizo unaweza kuzifanya leo. Video za harusi ni wazo zuri, na hizo RAM na SSD zitakusaidia hata huko, lakini hela yake bado haijaingia, wakati mama ana wateja wake leo na kila siku anamlipa jirani. Mrudie umwambie umepata jibu, hutanunua kadi. Uso ule ulioona, nao utautazama tena.

Kisha mfuate asubuhi mkachague ovaloki, wewe ndiye wa kuibeba.